Matundu Mawili ya Sanduku la Petroli

Mama Kanuni akitokea gatini Jumamosi asubuhi, wenye boti walianza kuhamisha madumu yao kabla hajawafikia. Jina hilo walimpa wao. Mwanzoni lilimkera, baadaye akalizoea, na ukweli ni kwamba mwishowe alilipenda.

Siku za kazi alikuwa mtunza stoo ya dawa hospitalini, mwenye stashahada yake na miaka kumi na tisa ya kupanga chupa kwa tarehe za kuharibika. Jumamosi aliwafundisha wanachama wapya wa chama cha boti ndogo za tanga namna ya kukaa na petroli bila kujichoma. Boti zile huenda kwa upepo, lakini kila moja ina mashine ndogo ya kupachika nyuma, ya kuingilia na kutokea gatini upepo ukigoma. Mashine inataka petroli, na petroli inataka adabu. Hivyo ndivyo alivyofungua somo lake kila mara.

"Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa," aliwaambia. "Hauendi mbinguni. Unashuka kama maji, unatafuta pa chini, unajilaza kwenye ngama, kule chini kabisa ya boti, na kungoja mjinga mmoja mwenye kiberiti. Kwa hiyo tangi likae nje, nyuma kabisa, kwenye sanduku lake lenye matundu chini, mvuke umwagike majini. Na hayo matundu yaacheni. Hayakutobolewa kwa urembo."

Hakuwa na dogo. Aliyekutwa na dumu chini ya kitanda cha boti alitolewa uvivu palepale, awe peke yake au na wakwe zake. Watu walicheka kisha wakatii, na kwa miaka kumi na moja hakuna boti iliyoshika moto pale gatini.

Ya kwanza kushika moto ilikuwa ya kwake.

Ilikuwa Jumapili, saa sita mchana, jua kali na maji yametulia kama yamemwagwa kwenye sinia. Walikuwa wamefungwa bado gatini, wakingoja upepo: yeye, mumewe, na mama mkwe wake aliyekuja kuwatembelea kwa mwezi mmoja. Watoto walikuwa wamebaki nyumbani na mitihani yao. Mumewe, fundi turubai ambaye pia alishona matanga ya nusu ya boti za chama, alikuwa mbele akifungua tanga. Mama mkwe alikuwa ndani ya chumba kidogo cha boti, ameketi mbele ya jiko la gesi la plati moja, akitafuta kiberiti.

"Mwanangu," aliita kutoka ndani. "Humu mbona pananuka petroli?"

Mama Kanuni alikuwa amekaa juu ya sanduku lenyewe, akifumua fundo la kamba lililokuwa limemshinda kwa robo saa. Akavuta pumzi. Akaisikia harufu.

"Ni boti, mama," alijibu bila kuinua kichwa. "Boti zote zina mashine, lazima zinuke kidogo. Washa tu, chai ichemke."

Kilichofuata hakikuwa mlipuko wa kuogopesha mji. Ilikuwa sauti moja fupi na nzito, kama mtu aliyepiga godoro kwa ubao. Mwanga wa buluu ukapita sakafuni, ukapanda, ukazimika. Pazia dogo la dirisha likashika moto, na mumewe akaruka ndani akalizima kwa taulo lililolowa. Mama mkwe alitolewa nje akiwa kimya kabisa, nywele za mbele zimejikunja, nyusi hakuna, na mkono wa kulia kuanzia vidoleni hadi kiwikoni umeiva.

Watu walifika wakikimbia. Alifika mwenyekiti wa chama, daktari wa meno mstaafu. Alifika pia fundi wa mashine, waliyemwita Kabureta kwa sababu alikuwa akiinamisha sikio kwenye mashine kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Huyu alikuwa na meza yake ya kazi chini ya paa la bati mwisho wa gati. Alikuwa amekaa pale kwa miaka kumi na miwili, na meza ile ndiyo iliyokuwa shamba lake na duka lake.

Mama Kanuni alimwona, akamnyooshea kidole mbele ya watu ishirini.

"Ijumaa nilikupa tangi langu ubadilishe mpira wa kifuniko. Wewe ndiye mtu wa mwisho kukigusa. Tazama ulichomfanyia mama."

Kabureta alimtazama yule mama mzee, akatazama mikono yake mwenyewe, akasogea nyuma ili watu wapite naye.

*

Jioni ile, mama mkwe akiwa amekwisha fungwa bandeji na kupewa dawa ya maumivu, Mama Kanuni alirudi gatini peke yake kuchukua viatu vya mzee vilivyosahaulika. Akavipata. Kisha, kwa mazoea tu, akafungua sanduku la petroli chini ya kiti cha nyuma, akatoa tangi, akaingiza mkono hadi chini.

Vidole vyake vikagusa turubai.

Alibaki ameinama hivyo hivyo, mkono ndani, shavu kwenye ubao, kwa muda ambao hakuweza kuukadiria baadaye.

Msimu wa mvua uliopita mawimbi yalikuwa yakipenya kwenye matundu yale mawili na kulowanisha mito ya viti aliyoihifadhi humo. Mito hiyo haikupaswa kuwekwa na petroli, lakini ndani ya boti palikuwa padogo na mito ilikuwa mizuri, na mumewe alikuwa ameishona kwa wiki mbili. Mama Kanuni akamwomba vipande vya turubai la kijani, akayaziba matundu.

"Mama watoto," mumewe alimwambia siku ile, mkasi mkononi, "hayo si ndiyo yale matundu yako ya Jumamosi?"

"Ni ya leo tu. Na usinifundishe somo langu."

Leo hiyo ikawa miezi saba. Mito ilikwisha rudishwa ndani kitambo, vitambaa vikabaki.

Sasa hesabu ilijipanga kichwani mwake yenyewe, maana ndiyo hesabu aliyoifundisha miaka yote. Tangi lolote la petroli likiwekwa juani litapumua kidogo, hata kifuniko kikiwa kipya, hata fundi akiwa malaika. Ndiyo sababu sanduku lina matundu. Mvuke ulishuka, ukakuta mlango umefungwa, ukajaa, ukatafuta njia nyingine. Njia ilikuwepo: kitundu kwenye ukuta wa ndani kinachopitisha waya wa taa kwenda chumbani. Kifuniko cha Kabureta hakikuwa na kosa lolote.

Pale pale angeweza kupaza sauti. Mwenyekiti alikuwa hatua hamsini kutoka pale, anafunga ofisi. Kabureta alikuwa kwenye meza yake, akirudisha spana kwenye sanduku moja moja, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amemwambia asimamishe kazi hadi kikao cha kamati cha Alhamisi, na kamati ikiona ana kosa, aondoke gatini na meza yake.

Mama Kanuni aliling'oa turubai la kwanza. La pili lilikuwa limenata, akalivuta kwa meno ya koleo. Akavisokomeza vitambaa vyote viwili kwenye mkoba wake, chini ya viatu vya mama mkwe. Akarudisha tangi, akafunga sanduku, akaondoka akiwa amenyoosha shingo kama mtu anayewahi kazini.

Jumatatu vitambaa vilikwenda kwenye tanuri la taka la hospitali pamoja na mabomba ya sindano. Mkoba haukwenda popote, ukabaki kunuka. Akautundika kwenye kamba ya nguo.

"Mama, huo mkoba umeufua?" binti yake mkubwa aliuliza.

"Unapata hewa."

"Mikoba nayo inapata hewa siku hizi?"

"Nenda kasome."

Mumewe alirudi jioni kutoka gatini, ambako alikuwa amekwenda kupima pazia jipya. Akanawa mikono, akaketi, akala. Alipomaliza akasema, kama mtu anayetaja hali ya anga, "Matundu yako wazi."

Mama Kanuni alikuwa amesimama kwenye sinki, mgongo kwake. "Ndiyo," alisema.

"Mm."

Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache, na katika miaka ishirini na mbili ya ndoa yeye ndiye aliyekuwa akiyasema ya wote wawili. Usiku ule alitamani angalau amgombeze. Mtu akikugombeza unapata la kujibu.

*

Kumhudumia mama mkwe ndiko kulikomchoma zaidi. Mkono wa kulia wa mzee haukuweza kushika kijiko, na wa kushoto ulikuwa unamwaga. Asubuhi na jioni Mama Kanuni alimlisha, akamfunga kanga, akampaka dawa usoni mahali palipokuwa na nyusi. Mzee hakulalamika. Alikuwa na masihara yake.

"Sasa nafanana na yai," alisema akijitazama kwenye kioo. "Marehemu mume wangu angeniona angeomba talaka."

Majirani walipokuja kumjulia hali alikuwa na hadithi moja kwa wote. "Kosa ni langu mwenyewe. Nilisikia harufu, nikawasha. Uzee huu, wanangu, pua inafanya kazi, kichwa kimelala."

Mara ya kwanza Mama Kanuni alidhani mzee amesahau. Mshtuko unaweza kumsahaulisha mtu. Mara ya pili alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe, na mama mkwe alipofika kwenye neno *nikawasha*, akamtupia jicho la haraka, kisha akaendelea na hadithi. Hakuwa amesahau kitu. Alikuwa anamfunika mke wa mwanawe, kama unavyomfunika mtu aliyelala vibaya mbele ya wageni.

Alijitia hamnazo, akagawa vikombe.

Alijipa maneno mengi siku zile. Kwamba alipomnyooshea Kabureta kidole hakuwa amekumbuka vitambaa, na hilo lilikuwa kweli. Kwamba kamati huenda isimfukuze. Kwamba fundi mzuri hapungukiwi na pa kufanyia kazi. Kwamba akisema, hakuna atakayemsikiliza tena Jumamosi, na watu watarudisha madumu chini ya vitanda, na siku moja mtoto wa mtu ataungua. Hili la mwisho lilikuwa zuri kuliko yote. Alilirudia mara nyingi, hadi yeye mwenyewe akaacha kuliamini.

Jumatano alasiri mlango uligongwa. Alikuwa Kabureta, amevaa shati la kutokea, mkononi ana mfuko wa machungwa.

"Hodi hapa. Nimekuja kumwona mama."

"Karibu," alisema Mama Kanuni, na sauti yake ikatoka nyembamba kama ya mgeni.

Alimketisha sebuleni mbele ya mama mkwe. Mzee akamkaribisha vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, akamwambia machungwa ni matamu kwa macho tu. Kabureta alikaa ukingoni mwa kiti, magoti yamebanana.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," alisema.

"Ya nini tena, mwanangu? Mimi ndiye niliyewasha."

"Hapana. Mtu anaweza kuwasha jiko kwenye boti salama asiungue." Alimgeukia Mama Kanuni. "Mwalimu, nimelifikiria jambo hili tangu Jumapili. Ule mpira niliuweka. Nakumbuka niliupaka mafuta, nakumbuka niliukaza, nikageuza tangi juu chini juu ya gazeti nikalingoja dakika kumi, na gazeti lilibaki kavu. Lakini sasa nikijiuliza, nasema, labda lile lilikuwa tangi la mtu mwingine. Jana nimechukua kifuniko cha aina ileile nikakifunga na kukifungua mara thelathini nione nilikosea wapi. Sijapaona." Alicheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Mke wangu ananiambia nimezeeka. Nina miaka arobaini na nne. Nikianza kusahau mambo ya mikononi, basi heri niiache meza mwenyewe kabla kamati haijaniondoa. Sitaki kuja kuua mtu."

Mama mkwe alimtazama Mama Kanuni. Safari hii hakulipitisha jicho haraka, alilitua.

Mama Kanuni alifungua mdomo. Yale maneno yalikuwepo, mafupi, hayakuhitaji hata pumzi mbili. Akasikia anasema, "Nikuletee chai?"

"Hapana, mama. Asante. Nawahi."

Alipoondoka, mzee alichukua chungwa kwa mkono wa kushoto, akalizungusha.

"Yule mtu anang'oa mikono yake mwenyewe," alisema. "Mimi naweza kukusaidia kwa majirani. Kwa yule siwezi."

Basi mzee alijua mengi zaidi ya alivyomdhania. Mama Kanuni aliingia jikoni, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Uso ulikuwa unamwaka hadi masikioni. Alikuwa tayari kumwangushia mtu jumba bovu la kumnyima mahali pa kazi. Hilo alikuwa amekwisha lijua na kulimeza. Hakuwa amejua kwamba mtu mwenyewe angelibeba, aanze kulitafutia msumari alioupigilia vibaya.

*

Kikao kilikuwa saa kumi alasiri, kwenye chumba cha chama juu ya stoo ya kamba. Meza moja ndefu, viti vya plastiki, ubao wenye ratiba ya mashindano ambayo hakuna aliyeifuta tangu mwaka jana. Mwenyekiti alikaa katikati na wanakamati wanne. Kabureta alikaa pembeni, peke yake, mikono mapajani. Nyuma walijaa wanachama, pamoja na fundi turubai, aliyefika bila kumwambia mkewe kwamba atafika.

"Tutaanza na maelezo ya mwalimu wetu," mwenyekiti alisema, kwa ile sauti laini ya mtu aliyezoea kuwaomba watu wafungue vinywa. "Mwalimu, utueleze ulivyosema Jumapili."

Mama Kanuni alisimama.

"Nilivyosema Jumapili si kweli. Kifuniko hakikuwa na kosa. Mimi nilikuwa nimeziba matundu ya sanduku kwa turubai, tangu msimu wa mvua. Mvuke ulikosa pa kutokea ukaingia ndani. Nilivikuta vitambaa jioni ileile, nikavitoa, nikavichoma kazini."

Mwenyekiti akatabasamu kwa upole, na tabasamu lile lilimtisha kuliko angepigiwa kelele.

"Mwalimu, huruma yako tunaijua. Umefikiria, umeona fundi ana watoto. Ni jambo jema. Lakini hapa tunatafuta ukweli."

"Ukweli ndio huo."

"Wewe? Uzibe matundu?" alisema mwanakamati mmoja, mwenye duka la rangi, aliyewahi kufokewa mara tatu kwa ajili ya dumu lake. "Mama, mimi uliniambia nina akili ya kuku kwa kuweka ndoo mbele ya matundu. Ndoo tu."

Watu wakacheka. Mama Kanuni aliwatazama wakicheka kwa nia njema, wote wako upande wake, na akatamani sakafu ipasuke imshushe kwenye kamba zilizo chini. Ilimbidi sasa apiganie kuhukumiwa.

"Nendeni kwenye boti," alisema. "Pitisheni kidole ndani ya matundu. Kuna nyuzi za kijani zimenata kwenye rangi. Pembeni ya waya wa taa ubao umeungua kuanzia kwenye kitundu kwenda ndani, si kuanzia ndani kwenda kwenye sanduku. Moto ulifuata njia ya mvuke. Na kama hamtaki kutembea, muulizeni baba watoto."

Vichwa viligeuka. Fundi turubai alisimama pole pole.

"Aliziba," alisema. "Vitambaa nilimkatia mimi."

"Ulijua?" mwenyekiti aliuliza. "Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Na ukakaa kimya?"

"Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe." Alikuna kidevu. "Ingefika saa kumi na moja hajasema, ningesema."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenye duka la rangi aliinamisha macho mezani. Tabasamu la mwenyekiti lilikuwa limetoka usoni kidogo kidogo, na mahali pake pakaingia kitu ambacho Mama Kanuni alikijua vizuri, maana yeye mwenyewe alikuwa akiwatazama watu hivyo kila Jumamosi.

Kabureta aliinua mkono, kama mwanafunzi.

"Nina swali moja kwa mwalimu."

"Uliza," alisema mwenyekiti.

"Kabla mama hajawasha. Harufu uliisikia?"

Hilo hakuwa amelipanga. Vitambaa alikuwa amevipanga usiku kucha, sentensi kwa sentensi: kuziba, kusahau, kuficha. Kusahau kunasameheka. Harufu hakuna aliyeijua isipokuwa mzee aliyebaki nyumbani, na mzee angekwenda nayo kaburini.

"Niliisikia," alisema. "Na mama aliisikia, akaniambia. Nikamwambia awashe. Nilikuwa nafumua kamba, sikutaka kuinuka."

Mtu nyuma alivuta pumzi kwa meno. Kabureta alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kisha akalaza mikono yake mezani, viganja chini, akaitazama. Mabega yalimshuka. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba jino halitang'olewa.

Kamati haikuchukua hata dakika kumi. Fundi arudi kwenye meza yake leo hii. Boti ya mwalimu isitoke gatini hadi ikaguliwe. Masomo ya Jumamosi yasimame kwanza, watatafuta mtu.

"Nani atakagua?" aliuliza Mama Kanuni.

Wote walimtazama Kabureta.

"Foleni ni ndefu," alisema fundi. "Nimekaa siku nne bila kazi."

*

Mama Kanuni alimfuata fundi hadi mwisho wa gati. Kabureta alikuwa amefungua sanduku lake na kupanga spana juu ya meza, kubwa hadi ndogo, huku akiifuta kila moja kwa tambara. Mama Kanuni alisimama kando, mkoba kifuani.

"Umeeleza vizuri sana, mwalimu," Kabureta alisema bila kumtazama. "Matundu, waya, njia ya moto. Mtu angedhani unamzungumzia mtu mwingine."

Mama Kanuni alitafuta la kusema. Alikuwa amesema mengi pale juu, yote ya kweli, yote kwa mpangilio, na ni sasa tu alipoona kwamba katika yote hayo hapakuwa na neno hata moja la kumwambia yeye.

"Nisamehe," alisema. Lilitoka kwa kukwaruza. "Jana ulipokuja nyumbani nilipaswa kukuambia. Nikakuuliza kama utakunywa chai."

"Ndiyo. Niliona unataka kusema kitu. Nikadhani unataka kunifukuza." Akaweka spana ya mwisho, akasawazisha safu. "Nimesikia, mama."

Mteja mmoja alikuja na mashine begani, Kabureta akaipokea, akainamisha sikio, na Mama Kanuni akaondoka.

Nyumbani alimkuta mama mkwe kwenye kiti cha ua, kanga imemfunika hadi kidevuni. Akamweleza yote akiwa amesimama, bila kutua mkoba. Alipofika kwenye harufu, mzee alifumba macho.

"Hata hilo umelisema?"

"Nimelisema, mama."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote."

"Sasa umeniweka wapi mimi?" mzee alisema kwa hasira ya kweli. "Mtaa mzima nimeuambia kosa ni langu. Mpaka yule wa nyumba ya kona, ambaye nilimwapia. Kesho watasema mama mkwe wako ni mwongo."

"Nitapita nyumba kwa nyumba niwaambie."

"Utapita. Na kwa yule wa kona utaanza." Akautoa mkono chini ya kanga. "Mkono unauma leo. Dawa imeisha nguvu."

Mama Kanuni alitua mkoba chini. Akaleta beseni, maji ya vuguvugu na kitambaa safi, akapiga magoti mbele ya kiti, akaanza kufungua bandeji. Utando wa chini ulikuwa umegandamana na ngozi. Alimwagia maji pole pole, tone kwa tone, akauvuta kwa ncha za vidole, na mzee akashusha pumzi kwa meno yaliyokazwa lakini hakuuondoa mkono. Chini ya bandeji ngozi ilikuwa nyekundu na mbichi, inang'aa. Tangu Jumapili alikuwa ameifunga na kuifungua mara tisa akitazama pembeni kila mara, akijiambia ni kwa ajili ya mwanga. Safari hii aliitazama yote, kuanzia vidoleni hadi kiwikoni.

"Polepole," mzee alisema.

"Nisamehe, mama."

"Kwa kuvuta, au kwa lile lingine?"

"Kwa lile lingine. Na kwa kuvuta."

"Basi anza na kuvuta," mama mkwe alisema. "Hilo naliona hapa hapa. Lile lingine bado naliwaza."